Rangi ya Madoa Imekosea Ukuta

Mtindo wa kupuliza ukuta kwa kompresa ukatoka na madoadoa ya rangi tatu nne, mithili ya mgongo wa kanga, umeshazoeleka kwenye majengo ya Dar es Salaam na Dodoma, na sasa unapanda taratibu kuelekea miji ya nyanda za juu. Kizwite, kata ya Manispaa ya Sumbawanga mkoani Rukwa, haitaukwepa, na sioni kwa nini iukwepe. Wapo wanaosema ni anasa isiyoendana na mji unaoishi kwa mahindi na maharage. Mimi naona kosa liko kwingine: rangi hii tunaipeleka kwenye ukuta usio wake. Tunaipulizia usoni mwa nyumba, upande wa barabarani, ambako ukuta hauguswi na kitu ila mvua na jua. Rangi yenyewe ni ya korido, ngazi, vyumba vya kusubiria na madarasa, kuta zinazosuguliwa kutwa na mabega, mikoba, madawati na viganja vya mamia ya watu. Uso wa nyumba ya tofali za kuchoma katika Ufipa, nyanda hizi za Sumbawanga, ni karibu mahali pabaya kuliko pote pa kuiweka. Korido ya shule ya kata ndiyo mahali pake, na huko haipo.

Tuanze na rangi yenyewe, kwa maana wengi wanaoinunua wameonyeshwa picha tu kwenye simu. Ukimimina nyekundu na nyeupe ndani ya ndoo moja utapata pinki, madoa hupati. Ili rangi mbili zikae chombo kimoja bila kumezana, kila tone lazima lijitenge na jirani yake. Jambo hilo lilifanikiwa Marekani, na hataza inayotajwa zaidi ni ile ya John C. Zola ya mwaka 1952: matone ya laka ya rangi tofauti yakielea ndani ya maji yaliyofanywa mazito, hayayeyuki wala hayagandani, mpaka bunduki ya kupulizia iyarushe ukutani, yatandazike na kukauka yakiwa madoa. Bidhaa iliyozaliwa humo, Zolatone, ilijipatia soko kwenye shule, hospitali na maofisi. Kampuni ya magari ya General Motors nayo ilipuliza rangi ya jamii hiyo ndani ya buti za magari yake kwa miaka mingi. Buti ni ushahidi mzuri, kwa sababu hakuna anayechagua gari kwa uzuri wa buti. Rangi iliwekwa mle kwa kuwa mizigo hukwaruza, bati la ndani lina maungio yasiyosawazishwa, na jicho likishakutana na madoa haliuoni mkwaruzo wala nundu. Siku hizi laka imeiachia nafasi akriliki ya maji na harufu kali ya tinna imepungua, lakini kazi ya madoa haikubadilika. Yapo ili kuficha.

Ina ndugu yake mzito, rangi ya mawe, ambayo ni gundi ya akriliki iliyobeba mchanga wa rangi au mawe yaliyosagwa. Hiyo hutoka na mkwaruzo wa kuumiza kiganja na hula kilo 3 hadi 5 kwa kila mita ya mraba, wakati ya madoa laini hutosheka na kilo moja au pungufu. Tofauti hii itatusaidia mbele, kwa hiyo msomaji aishike: zote mbili hupulizwa kwa kompresa, zote mbili zina rangi nyingi, ila moja ni ya kuosheka na nyingine hushika vumbi.

Namna ya kupuliza nayo si ya kubahatisha. Bunduki ya kupulizia gari ina tundu la milimita moja na kitu. Ukiitia rangi ya madoa, yatasagika yote yawe uji wa rangi moja isiyo na jina. Bunduki ya kazi hii ina tundu la milimita 2 au zaidi kwa madoa laini, na la 4 mpaka 8 kwa rangi ya mawe, na kikombe chake hukaa juu ili rangi nzito ishuke yenyewe. Presha ya madoa laini ni ndogo, baa 2 hadi 4, yaani kuanzia ile ya tairi la gari dogo kwenda juu kidogo. Ikizidi, madoa hupasuka na kugeuka ukungu. Ikipungua, huanguka mafungumafungu. Ndoo haikorogwi kwa drili, hugeuzwa polepole kwa ubao bapa. Fundi husimama sentimita 30 mpaka 50 kutoka ukutani, bunduki ikiutazama ukuta wima, hapindishi mkono mwishoni mwa mkupuo, hupita kwa mlalo kisha akarudia kwa wima. Kabla ya yote hayo kuna msasa, puti, praima ya kuzuia alkali ya saruji, na rangi ya chini inayokaribiana na doa lililo kubwa. Mwisho huja vanishi ya maji. Kupuliza kwenyewe, ile sehemu inayosimamisha wapita njia, ni kazi ya saa chache. Siku zote zilizobaki huliwa na maandalizi na kufunika madirisha kwa magazeti na tepu, na hapo ndipo bei ya fundi mwaminifu inapopishana na ya fundi wa haraka.

Afrika Mashariki haikuanza leo kurushia ukuta kitu chenye vinundu. Waashi wa Kenya na Tanzania wameitumia kwa vizazi mashine ya mkono iitwayo Tyrolean, kisanduku cha bati chenye mpini na vyuma vinavyonesa, kinachotupa uji wa saruji ukutani ukagandia hapo kwa vinundu vidogo. Haikutaka umeme wala kompresa. Kenya ilikuja kupata pia rangi nzito ya kampuni ya Crown, Ruff n Tuff, ya kutoa mkwaruzo wa rangi moja. Ndani ya majengo, wazee walikuwa na jibu jingine: mkanda wa rangi ya mafuta iliyokolea, kutoka sakafuni mpaka kimo cha kifua, na juu yake rangi ya maji iliyo nyepesi. Kila aliyesoma shule ya serikali anaujua mkanda huo. Ulijibu swali lile lile lililojibiwa na Zola, kwamba sehemu ya chini ya ukuta ni mali ya umma na umma una mikono michafu. Kasoro zake zinaonekana bila miwani. Unang'aa, kwa hiyo kila mkwaruzo unajitangaza. Una rangi moja, kwa hiyo kiraka hakifichiki. Na rangi za mafuta ndizo zilizokuwa zikikutwa na madini ya risasi, jambo ambalo shirika la AGENDA la Dar es Salaam limelipigia kelele kwa vipimo vyake hadi kiwango cha Afrika Mashariki kikataka risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Mkanda huo ndio ninaotaka urithiwe na rangi ya madoa.

Lakini kwanza nieleze kwa nini usoni mwa nyumba hapafai. Nyumba ya kawaida Sumbawanga ni ya tofali za kuchoma, zilizofyatuliwa kwa udongo wa jirani, zikapangwa tanuri na kuchomwa kwa kuni. Zilizokaa katikati ya tanuri hutoka ngumu, za pembeni hutoka zimeiva nusu, na zote huishia ukutani kwa kuwa zote zimelipiwa. Mara nyingi hujengewa kwa udongo, saruji ikawekwa akiba kwa ajili ya msingi, mkanda wa zege na lipu. Ukuta wa namna hii hunywa maji. Huyavuta kutoka chini pale msingi usipowekewa kizuizi cha unyevu, na huyapokea ubavuni msimu wa mvua, ambao Rukwa ni mmoja tu lakini mrefu, tangu Novemba hadi Aprili. Kiangazi kikiingia huyatoa taratibu kupitia lipu, pamoja na chumvi za udongo. Ule unga mweupe unaotokeza chini ya ukuta kuanzia Mei ni chumvi iliyosindikizwa na maji hadi nje na kuachwa hapo maji yalipokauka. Nyumba nyingi nazo hupakwa rangi ya giza futi mbili tatu kutoka ardhini: matope mekundu yanayoruka kwa matone ya mvua yanahitaji pa kujificha.

Ukiufunika ukuta huo kwa akriliki nzito ya kilo 4 kwa mita ya mraba, umeziba njia ya kutokea maji bila kuziba ya kuingilia. Maji hayatatulia humo. Yatausukuma utando mpaka uvimbe, chumvi itachipua nyuma yake, lipu itaanza kuachia tofali. Rangi ya maji ya kawaida ingekutangazia habari hizo mapema, kwa doa la kijivu au kwa kubanduka kidogo kwenye kona, nawe ungeenda kutazama mfereji wa bati au msingi. Rangi ya madoa hukaa kimya. Ilifunzwa kuficha, nayo inaficha. Mwenye nyumba hugundua siku kipande cha ukubwa wa sinia kinapodondoka, na akitaka kukirudishia analazimika kumtafuta tena mwenye kompresa. Zanzibar imelijua jambo hili kwa gharama kubwa zaidi. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na zilipoanza kuzibwa kwa saruji na rangi zisizopumua, unyevu na chumvi vilijifungia ndani vikala chokaa. Wahifadhi wa mji ule, ambao uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wamekuwa wakihimiza lipu ya chokaa irudi. Tofali la Ufipa si jiwe la matumbawe, ila unyevu haubagui.

Najua nitajibiwa kwamba nyumba ni ya mwenyewe na macho ni yake. Kweli kabisa, na ladha ya mtu sina haja nayo. Aliyejenga kwa tofali za saruji, akaweka kizuizi cha unyevu juu ya msingi, akatoa upenu mpana, akaiacha lipu ikauke kiangazi kizima, apulize apendavyo. Ukuta wake utamvumilia. Wa kuonywa ni yule anayekwenda kuinunua rangi hii kwa sababu ukuta wake una nyufa na madoa ya unyevu, akiwa ameambiwa kwamba ndiyo dawa yake. Huyo anauziwa kizibo. Na muuzaji akimhakikishia kwamba rangi hairuhusu maji kupita, amemwambia ukweli, tena ndio ukweli uliopaswa kumtia wasiwasi.

Jua nalo halijasema neno lake. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale inayounguza rangi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Nyekundu, njano na kahawia zinazotokana na oksidi ya chuma huhimili. Zile kali za kung'aa, ambazo ndizo hupendwa kwenye madoa, huanza kufifia. Rangi ya pamoja ikififia hufifia yote na mtu akazoea. Madoa yakififia kila moja kwa mwendo wake, ukuta huanza kuonekana mgonjwa, mfupa umebaki na nyama imekwenda. Ndani ya korido tatizo hilo halipo.

Mwinuko huo huo unamgusa fundi kwa namna ambayo sijaiona ikizungumzwa. Hewa ya Sumbawanga ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Kompresa hupimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kwa hiyo ile ndogo ya tangi la lita 50 inayotosha kupulizia geti Temeke, huku hufanya kazi muda mrefu zaidi kulijaza tangi lile lile, na bunduki ya tundu pana ni mlafi wa hewa. Jenereta ya petroli nayo hupoteza sehemu kama hiyo hiyo ya nguvu zake. Ongeza umeme wenyewe: kwa miaka mingi Sumbawanga iliwashiwa taa kwa umeme ulionunuliwa Zambia, ukisaidiwa na mashine za dizeli, huku mkoa ukisubiri kuunganishwa na Gridi ya Taifa kupitia Tunduma. Umeme ukikatika katikati ya ukuta, presha hushuka, madoa ya mwisho hutoka makubwa kuliko ya mwanzo, na mshono hubaki pale milele. Fundi anayelijua hili hupanga kuishia konani au kwenye fremu ya mlango, tena hubeba tangi kubwa zaidi kuliko analolihitaji mwenzake wa Dar es Salaam. Si ajabu ndogo kwamba tunajadili uhaba wa hewa katika nchi ya malungu, yale matanuri ya chuma yanayozidi kimo cha mtu, ambayo wafua chuma wa Kifipa waliyajenga yavute upepo yenyewe katika hatua ya kwanza ya kuyeyusha, bila mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka. Waliojenga matanuri yale walijua hewa ya huku inatosha nini na haitoshi nini.

Sasa niipeleke rangi kwake. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango uliogharimiwa na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, na ndani yake yakawamo madarasa 15,000 ya sekondari na shule shikizi, kila moja likitengewa shilingi milioni 20. Yalijengwa kwa fosi akaunti, yaani kamati ya shule na mafundi wa mahali hapo badala ya mkandarasi mkubwa, na mtindo huo umeendelea kwenye miradi mingine. Ni mtindo mzuri kwa mambo mengi, lakini rangi ndani yake huwa ndiyo ya mwisho kwenye foleni, na wa mwisho hula kilichobaki. Matokeo yake ukuta mzima hupigwa rangi ya maji nyepesi, na muhula wa kwanza haujaisha nusu ya chini ya ukuta imeshakuwa na historia ya kila aliyekaa kwenye dawati la pembeni.

Hesabu si ngumu. Darasa la mita 9 kwa 7 lina mzingo wa mita 32. Mkanda wa kimo cha mita 1.2, ukiondoa mlango, haufiki mita za mraba 38. Kwa kilo moja kwa mita ya mraba, ndoo mbili za kilo 20 zinatosha darasa zima, na juu ya mkanda inaendelea rangi ya maji ya kawaida, ya bei ya kawaida. Linganisha na nyumba yenye kuta za nje za mita za mraba 150 zilizopulizwa rangi ya mawe kwa kilo 4: kilo 600. Kwa uzito tu, mzigo uliopandishwa kutoka Dar es Salaam kuvalisha nyumba moja ungekuwa mikanda ya madarasa 15. Siwakatazi wenye nyumba. Naonyesha tu ni ukuta upi unaoirudisha nauli.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa mwalimu mkuu: shule ina upungufu wa madawati na matundu ya vyoo, nani ana fedha ya madoa? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba shule tayari inalipa, ila inalipa kidogo kidogo kila inapojiandaa kwa ukaguzi, na hailioni deni kwa kuwa limegawanywa. Ukuta unaoficha uchafu na unaokubali kufutwa kwa kitambaa na sabuni hupakwa mara chache zaidi. Sitadai kwamba utadumu miaka kadhaa kamili, kwa sababu hilo linategemea lipu na ubora wa vanishi, na yeyote anayekutajia idadi ya miaka kabla hajaugusa ukuta wako anabahatisha. Nadai tu kwamba mkanda ndio sehemu inayochakaa, na fedha iende kule kunakochakaa. Pia hakuna sababu ya kila shule kununua kompresa. Halmashauri ikiwa na seti moja au mbili na fundi aliyefunzwa, madarasa ya kata nzima yanaweza kupulizwa kwa zamu, ndani ya wiki chache za kiangazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linatoka kwa watu wa afya. Ukuta wenye mkwaruzo hushika vumbi na vijidudu, na zahanati inapaswa kuwa na ukuta laini unaooshwa. Wako sahihi, na hapa ndipo ile tofauti ya ndugu wawili inapohitajika. Rangi ya mawe haina nafasi ndani ya jengo lolote la afya. Ya madoa laini, ikifunikwa kwa vanishi tabaka mbili, huosheka, na inafaa kwa korido, mapokezi na mahali wagonjwa wa nje wanapokaa wakiegemea ukuta kwa saa nzima. Chumba cha kujifungulia na cha upasuaji vibaki na vigae au rangi laini nyeupe, kwa sababu ile ile niliyoitoa juu ya nyumba za Kizwite: kuna kuta ambazo lazima zionyeshe uchafu mara tu unapoingia. Tone la damu lililojificha kati ya madoa ya kahawia ni hatari kuliko ukuta wenye sura mbaya.

Wapiga brashi nao watauliza kazi yao inakwenda wapi. Haiendi mbali. Bunduki huokoa muda kwenye ile sehemu fupi ya kazi. Msasa, puti, praima na kufunika madirisha bado ni mikono, na timu ya kupuliza haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Kinachobadilika ni ujuzi unaolipwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa na fani ya upakaji rangi na uandishi wa mabango, na ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti baada ya kumpima. Upuliziaji uingizwe humo, kwa vitendo, pamoja na somo la presha na mwinuko ambalo vitabu vilivyoandikiwa pwani haviligusi. Na pamoja na somo la mapafu, ambalo tumelipuuza kuliko yote. Ukungu wa rangi huingia kifuani, vumbi la msasa wa puti huingia kifuani, na chembe za mchanga wa kwazi zilizo laini kabisa zikishakaa kwenye mapafu hazitoki. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote kati ya hivyo. Barakoa yenye chujio la kweli ni gharama ya kazi sawa na puti, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aitoe. Kamati ya shule inayoajiri kwa fosi akaunti ni mwajiri, ijapokuwa haijioni hivyo.

Pingamizi ninaloliogopa mimi mwenyewe ni la kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai na shule hufunguliwa Januari. Fedha za madarasa yale ya 2021 zilizinduliwa Oktoba na majengo yakatakiwa kuwa tayari Desemba, kwa hiyo msingi, ukuta, bati, lipu na rangi vilisongamana kwenye wiki kama tisa au kumi, na kwa Rukwa zaidi ya nusu ya wiki hizo ni za mvua. Lipu mpya ya saruji ina alkali kali na inahitaji kama siku 28 kabla ya kuguswa na rangi yoyote ya akriliki. Ukiipuliza ikiwa mbichi, umerudisha ndani ya darasa kosa lile lile nililolikataa nje ya nyumba. Baridi nayo ina lake: asubuhi za Juni na Julai katika Ufipa ukuta huwa karibu na nyuzi 10, na chini ya hapo chembe za akriliki hazishikani vizuri kuwa utando. Kwa hiyo mkanda wa madoa usilazimishwe kuwa sehemu ya makabidhiano ya Desemba. Darasa lifunguliwe Januari likiwa na praima na rangi ya maji, watoto waingie, ukuta umalize kutoa maji yake mwaka mzima wa kwanza. Likizo fupi ya Septemba inayofuata ndiyo ya kuwasha kompresa, kati ya saa nne asubuhi ukuta ukiwa umeshika joto na saa tisa alasiri, madirisha yamefungwa dhidi ya vumbi la upepo wa kiangazi, na kilo chache zibaki stoo ya shule, kifuniko kikiwa kimeandikwa namba ya mchanganyiko na ukubwa wa tundu lililotumika, ili atakayekuja kuziba kiraka asianze kukisia.